Mwanya wa Mama

Miaka hiyo kila runinga ilisahihisha filamu kabla ya kuionyesha, na hakuna aliyelalamika. Saumu peke yake ndiye aliyeshikilia kwamba filamu za zamani zilikuwa bora.

“Bora kwa lipi, mke wangu?” mumewe Badru alimtania. “Sauti mbovu, watu wanaikodolea macho kamera!”

“Ngoja umwone mkweo,” Saumu alijibu kwa uhakika, akimpakata binti yao.

Marehemu mama yake aliwahi kupita katika filamu moja akiuza vitumbua. Alikosea, akaitazama kamera na kucheka, mwanya wote nje. Kicheko hicho hakikubaki kwingine kokote duniani.

Soko likatokea kwenye runinga. Mama akapita na sinia lake, macho mbele, mdomo umefumbwa.

“Kosa limeondolewa,” runinga ilisema kwa upole. “Ungependa acheke?”

“Ndiyo,” Saumu alinong’ona.

Mama akageuka, akacheka. Meno yake yalikuwa yamepangika vizuri, hayana mwanya.

“Bibi mzuri!” Mtoto akapiga makofi.

“Unaona?” Badru akasema. “Za sasa ndizo.”

Saumu akapitisha ulimi kwenye mwanya wake mwenyewe.