Hatifungani ya Mahari

Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi, upepo wa baridi ukichana migomba ya Ihanda, Mzee Ezron aliikataa mahari aliyokwisha kuikubali mbele ya wazee.

Mahari yenyewe ilikuwa hatifungani ya serikali ya shilingi milioni kumi, yenye riba ya asilimia kumi na tano kwa mwaka. Brian, mchumba wa binti yake Marita, aliahidi kuiandikisha kwa jina la baba mkwe wiki hiyo.

Alfajiri, Marita alikuwa amemletea baba yake chai na habari. "Baba, redio imesema hatifungani mpya zitalipa asilimia kumi na mbili tu. Riba zimeshuka."

Mzee hakuuliza zaidi. Alisoma shule ya bweni miaka sita, zama ambazo mwanafunzi alichapwa kwa kukosea desimali, na tangu hapo hakuona sababu ya kumwuliza mtu jambo la hesabu. Riba imeshuka, basi na karatasi ya Brian imeshuka.

"Mnanipa kitu kinachooza," alimwambia Mbonile, mshenga wa Brian. "Nataka ng'ombe wanane wa milioni kumi ile ile. Ng'ombe hashushwi bei na redio."

"Mzee, ungemwuliza kwanza mtu wa benki."

"Huyo mtu wa benki alisoma wapi?"

Marita alijifunika uso kwa khanga, mabega yakimtetemeka.

"Usilie, mwanangu," mama yake alimnong'oneza. "Watawapata tu."

Jumamosi iliyofuata ng'ombe wanane wanene waliingia uani. Mzee Ezron aliwakagua pembe na meno, kisha akasimama mbele ya wazee wa pande zote mbili, wima kama yuko paredi.

"Mahari imelipwa yote," alitamka. "Kuanzia leo hakuna anayemdai mwenzake."

Walipokaa kula, akiwa na ukarimu wa mshindi, alimwuliza Mbonile, "Kijana amewapata wapi hawa kwa wiki moja? Amekopa?"

"Hapana, mzee. Ameuza ile hatifungani. Asilimia kumi na tano haitolewi tena, kwa hiyo wanunuzi waliigombania. Imekwenda kwa milioni kumi na mbili. Kumi zimenunua ng'ombe, mbili zimelipia fremu ya duka kule Tunduma."

Mzee aliacha kutafuna. "Fremu ya nani?"

"Yangu, baba," alisema Marita, akimwongezea nyama.