Kamanda Hachezi Jumapili

Tuire alimpasua mporaji wa tatu kichwa kwa shoka, kisha akainuka kwenda kupunguza moto wa viazi.

Aliporudi kwenye kompyuta, damu ilikuwa imetapakaa kioo kizima na maandishi ya Kamanda yalikuwa yakimsubiri: "Kazi nzuri, tabibu. Mateka wetu yuko hai. Tunaondoka."

"Na mkubwa wao?" aliandika Tuire. "Kajibanza kwenye handaki chini ya nyumba, hana hata risasi. Nimchinje?"

"Mwache."

"Ameua kijiji kizima!"

"Tumekuja kumtoa mtu wetu, tumemtoa. Mwache."

Ndivyo alivyokuwa Kamanda. Waporaji wadogo aliwafyeka bila huruma, lakini mkubwa wao hakukubali kamwe auawe. Jambo hilo lilimuuma Tuire, kwa sababu machoni pake kila mkubwa wa waporaji alikuwa na sura ya mumewe, Jarkko.

Mchezo wenyewe hakuna aliyeujua. Kiangazi kilichopita Tuire alibandika picha ya soksi yake kwenye tovuti ya wafumaji. Alikuwa ametumwa huko na mama mkwe wake, Aune, aliyemwambia mbele ya wageni kwamba kisigino anachofuma yeye kinafaa mguu wa ng'ombe. Chini ya picha mtu asiyemjua aliandika: "Achana na soksi. Kuna mchezo mmoja wa zamani. Dunia imekwisha, mmebaki wanne kwenye kikosi na risasi za kuhesabu. Ni mzuri ajabu, na haukupata wanunuzi. Wachezaji wake wote hawajazi sauna moja. Ujaribu. Humo hakuna wa kukuchungulia."

Kweli hakuna aliyechungulia. Jarkko alisoma kila ujumbe kwenye simu ya mkewe, na ufunguo wa gari alilala nao. Lakini mchezo aliutupia jicho mara moja tu, akaangua kicheko.

"Mwanamke mzima unapigana na vikatuni!"

Tuire, ambaye humo alikuwa tabibu wa kikosi, alimwazia Kamanda kuwa mwanajeshi mstaafu, mzee wa ndevu asiyependa masihara. Walicheza mchana, Jarkko akiwa kazini. Jumapili Kamanda hakuonekana, na hata angeonekana Tuire asingepata nafasi, maana ndiyo siku aliyokuja Aune kula kwao. Alikuja na mkate wake mweusi, akatundika koti kabatini, akapitisha kidole juu ya rafu kutafuta vumbi, akauliza kama mkwewe bado anashinda kwenye mashine.

Jumapili moja aliuona mkono wa Tuire umevimba.

"Umeanguka?"

"Barafu," alijibu Jarkko kabla mkewe hajafungua mdomo.

Aune akamimina kahawa kwenye kisahani, akainywa kimya, macho chini. Tuire alimchukia kwa hilo kuliko kwa soksi.

Kesho yake aliandika: "Leo shoka silishiki vizuri. Mume wangu amenivunja kidole."

Zamu ya Kamanda ikapita, na nyingine ikapita. Waporaji wakawaua wanakikosi wawili, mmoja kwa panga na mmoja kwa moto, na Kamanda hakufyatua hata risasi moja.

"Jumamosi," aliandika hatimaye. "Akishaingia sauna kuoga mvuke. Ukisikia maji ya kwanza yanalia kwenye mawe ya moto, toka. Simu iache mezani. Koti la kabatini usiliguse, mlango wa lile kabati unalia. Nitakuwa na gari kwenye kituo cha basi, ng'ambo ya msitu. Mimi sikutoka mapema, tabibu. Wewe toka."

Jumamosi yenyewe ilianza vibaya. Jarkko alikuta supu imepoa, akamshika mkewe kisogoni na kumbamiza uso kwenye mlango wa friji, kisha akaenda kuwasha sauna huku akipiga mluzi.

Kibanda cha sauna kilikuwa uani, kando ya njia. Tuire alipokifikia alisikia maji yakilia juu ya mawe.

"Tuire! Bia iko wapi, we kiziwi?"

Mlango wa sauna hauna komeo. Nchi nzima hakuna fundi mjinga wa kulitia. Ila palikuwa na kuni pale nje, na gogo moja likikazwa kati ya kitasa na nguzo lingetosha. Alilishika. Damu ya pua ilimdondoka kwenye theluji. Moto aliouchochea Jarkko mwenyewe ungemmaliza kabla jirani hajasikia kelele, na mkono ulitaka, mkono ule ule wenye kidole kilichovunjika. Alitamani kumsikia akilia, ajue utamu wake.

Mwache. Tumekuja kumtoa mtu wetu.

Alilirudisha gogo mahali pake, taratibu, akakimbia.

Alikuwa katikati ya msitu wazo lilipomjia. Kamanda alijuaje kama kabati linalia? Kituo na sauna ya Jumamosi Tuire aliwahi kumsimulia, lakini habari za kabati hakuwahi kuandika. Anayejua mlango ule ni mtu anayeufungua, na mtu huyo ni Jarkko, ambaye naye ana kompyuta huko kazini na marafiki wenye magari. Huenda mchezo wote ulikuwa mtego, na kule kituoni yuko mtu wa kumrudisha kwa nywele.

Nyuma yake mlango wa sauna uligonga ukuta. Jarkko aliita jina lake, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa sauti ya chini, ile iliyotangulia kipigo. Pa kurudi hapakuwapo.

Gari lilikuwa kituoni, injini inanguruma, taa zimezimwa. Mlango wa abiria ukafunguliwa kutoka ndani.

"Panda, tabibu," alisema Aune, mikono yake yote miwili kwenye usukani. "Mwanangu umemwacha hai?"