Jani la Ndewirwa

Siku hizi ukiwasha kamera ya harusi ndani ya jengo la kale, hainasi waliopo tu. Inawanasa na wote waliowahi kufunga ndoa humo, na suti zao na shela zao. Wateja wangu nawaambia mapema, tena kwa ukali: sifuti mtu.

Juzi nilirekodi harusi ya Aikande kwenye kanisa la mawe huku kwetu Uchagani. Jana nikaipeleka video nyumbani kwao tuitazame. Kwenye skrini, maharusi wa zamani wakajaza viti vya kanisa hadi mlangoni. Shangazi yake aliyekuwa akigawa mtori wa ndizi alibaki ameshika upawa.

Ndipo kijana mmoja akatoka kati yao, akaja mpaka mbele ya kamera, akanyoosha mkono wenye jani la sale. Wafu hawa hawajawahi kumwangalia mtu.

“Ndewirwa,” alisema Bibi Anasia, bibi yake Aikande. Mumewe huyo alimwachia watoto wachanga, akaenda kufia ugenini.

Kwetu anayekuletea sale anaomba msamaha, na sale halikataliwi. Lakini Bibi alilitazama tu jani lile hadi mtori ukapoa.

“Umechelewa sana, baba watoto,” alisema mwishowe. “Haya, lete.”

Aikande akaniomba nirudishe video nyuma. Nikairudisha. Ndewirwa alikuwa amesimama kati ya wenzake, mikono mitupu.

Tukageuka kumtazama Bibi. Alikuwa amefumba kiganja mapajani, na hakuna aliyethubutu kumwambia afumbue.