Kioo cha Asubuhi

Saa moja na dakika tano asubuhi, kioo cha mkononi kiligonga ukuta wa chumba cha kulala na kuvunjika vipande vipande.

Aliyekirusha ni mke wa mpima ardhi. Muuguzi wa kutwa, binti ambaye mgonjwa humwuliza jina kila siku, ndiye aliyeokota vigae. Mume alikuwa kazini tangu alfajiri, kama kawaida yake.

"Alijitazama tu," muuguzi alimweleza jioni. "Akagusa hapa pembeni mwa macho, akaniuliza, 'Huyu mama ni nani?' Halafu akapiga kelele."

Ajali ya gari ilimkuta akiwa na miaka thelathini. Tangu hapo, kwa miaka kumi na miwili, ubongo wake haukuwa umeshika jambo jipya. Akilala, siku inafutika. Akiamka, ana miaka thelathini. Akiuliza habari za baba mkwe wake, ambaye amekwisha kufariki, huambiwa hajambo. Kuna siku walimwambia ukweli. Alilia kutwa nzima, na kesho yake akauliza tena.

Daktari wa ubongo alishasema hana la kufanya. Ilibaki ngozi.

Mpima ardhi alitundika pazia zito dirishani, akaondoa vioo vyote nyumbani. Haikusaidia. Kila asubuhi mkewe alipekua droo moja baada ya nyingine akitafuta kioo chake, na alipokikosa alikaa kitandani akilia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Mume akaamua kwamba kioo lazima kirudi, na kwamba kikirudi kimwonyeshe mtu anayemfahamu.

Alikwenda kwa daktari wa ngozi na picha za uso wa mkewe.

"Mikunjo ndiyo kwanza inaanza, mzee," daktari alisema. Alikuwa mwanamke kijana, mcheshi. "Hatuifuti. Tunaipunguza, tunaichelewesha. Huwa anatoka nje?"

"Hatoki."

"Basi una bahati. Adui wa kwanza wa ngozi ni jua. Wa pili ni haraka."

Akamwandikia: sabuni laini isiyo na manukato, seramu ya vitamini C asubuhi, kisha mafuta ya kulainisha, kisha losheni ya kukinga jua, hata kama ni ndani, na usiku krimu ya vitamini A, kiasi cha punje ya choroko kwa uso mzima, tena si kila siku mpaka ngozi izoee.

Mpima ardhi aliipokea kazi hiyo kama alivyopokea kazi zote. Kila dawa aliijaribu kwanza nyuma ya sikio la mkewe. Picha alipiga kwa kamera iliyosimama juu ya miguu mitatu, umbali uleule, taa ileile. Mara moja tu alizidisha krimu ya usiku, na mashavu yakababuka.

"Ngozi si kiwanja, mzee," daktari alimkaripia. "Huwezi kuipigia vigingi ikakaa ulipoitaka."

Asubuhi muuguzi ndiye aliyepaka. Jioni alipaka mume mwenyewe, kwenye mwanga hafifu wa taa ya kando ya kitanda, na kila jioni mkewe alicheka.

"Wewe! Tangu lini ukajua mambo ya urembo?"

"Tangu jana."

"Muongo mkubwa. Paka basi, na shingo usiisahau."

Hakuwahi kuisahau.

"Shikamoo, mzee," muuguzi alimwambia alfajiri moja, akimkuta mlangoni anapanga chupa ndani ya kisanduku.

"Marahaba," alijibu bila kuinua kichwa.

"Makorokoro yote haya! Mimi ningepakwa hivi, ningekuwa nimeolewa zamani. Na wewe mwenyewe unapaka nini?"

"Vumbi," alisema. Alibeba chombo chake cha kupimia, akatoka kwenda uwandani, ambako hapakuwa na mti wala kivuli.

Miezi ilipita. Picha za mwisho, zikiwekwa kando ya zile za kwanza, zilionyesha tofauti. Daktari alizitazama kwa muda.

"Nzuri. Lakini hizi ni za taa, na taa ina huruma. Mtazame kwa mwanga wa dirisha. Hapo ndipo utajua."

Siku iliyofuata mpima ardhi aliomba ruhusa kazini. Alinunua kioo cha mkononi kinachofanana na kile cha zamani. Alinyoa ndevu, akavaa shati safi, akaketi gizani kando ya kitanda akisubiri mkewe aamke.

Aliamka jua likiwa limeshapanda.

"Kioo changu kiko wapi?"

"Hiki hapa," alisema. Alikiweka mkononi mwake, akaenda dirishani na kulivuta pazia lote.

Mwanga ulijaa chumbani. Mkewe alikiinua kioo. Alijitazama upande mmoja, akageuka upande wa pili. Kidole chake kilikwenda pembeni mwa jicho, kikasimama hapo.

Mkewe alitabasamu. Akalainisha nyusi kwa kidole.

"Leo nimelala vizuri," alisema.

Mpima ardhi alisogea, akainama mbele yake ili aone kwa macho yake mwenyewe. Ngozi ilikuwa nyororo. Palikuwa na uzi mmoja mwembamba tu, na huo ungeweza kuwa alama ya mto aliolalia.

Mkewe aliinua macho kutoka kwenye kioo. Tabasamu likamtoka. Alivuta shuka haraka hadi kidevuni, akakaa wima.

"Shikamoo, baba," alisema. "Nisamehe, sauti zenu ni moja, nilidhani ni mwanao. Ameshatoka?"

Mpima ardhi alibaki ameinama hivyohivyo, jua likimpiga usoni.

"Marahaba," alisema. "Ameshatoka."