Mstari Katikati ya Nyanya

Mzee Filimon aliburuta kisigino kwenye udongo, kutoka mlango wa nyuma wa banda la nailoni hadi wa mbele, akaacha mstari katikati ya nyanya.

"Kulia za Tabita, kushoto za huyu." Hakumtaja Relu kwa jina. "Jumapili nataka kuona ukuta hapa. Binti yangu hafungwi nira moja na mtu asiyeamini."

"Mzee, na nyanya zenyewe zimeokoka?" Relu aliuliza. "Maana hizi za kwangu zinavuta sigara."

Tabita aliinamisha kichwa ili kilemba kifiche kicheko.

"Cheka tu, mwanangu. Ndugu wameshakata shauri. Ukuta, au utengwe. Na aliyetengwa na kanisa halali nyumbani kwangu."

Baba yake alipotoka, walibaki wakiutazama ule mstari. Shamba lilikuwa la Tabita, aliachiwa na mama yake. Nailoni na pampu vilikuwa vya Relu. Jiko la kuni lililozuia miche isife kwa baridi ya Machi lilikuwa moja. Ukiweka ukuta, upande mmoja unaganda.

Lakini si nyanya zilizomnyima Tabita usingizi. Pale ndani aliweza kushinda siku nzima bila mtu kumwuliza roho yake inaendeleaje. Relu alimpigia soga za mpira, za vidukari, za mama yake aliyegombana na kuku. Nje ya nailoni ile, kijiji kizima kilikuwa kanisa.

"Basi batizwa," Tabita alimwambia.

"Mimi? Niwe Mtubu, mlokole kama nyinyi? Kwa mdomo huu?"

"Njoo ukae tu, Relu. Wakisimama, simama. Tunaomba wote kwa mpigo, kila mtu na lake, kwa sauti. Hakuna anayemsikia jirani yake."

"Wewe Tabi, utanipeleka pabaya."

Alikwenda, na Mzee Filimon akakubali ukuta usubiri. Jumapili ya kwanza alikaa upande wa wanaume akimkonyeza Tabita kule upande wa wanawake. Ya pili alipiga miayo. Baada ya hapo Tabita hakuona tena konyezo. Sigara zikaisha mfukoni. Siku moja, katikati ya ngurumo ya maombi, Relu alipiga magoti akalia kama mtoto aliyepotea sokoni kisha akaonwa na mama yake.

Walimbatiza mtoni, sikukuu ya Pentekoste, amevaa kanzu nyeupe iliyoishia chini kidogo ya magoti. Alipoibuka majini uso wake uling'aa, na Tabita, pale ukingoni, alibubujikwa na machozi yasiyozuilika.

"Mwoneni dada yetu," wanawake walinong'onezana. "Furaha imemzidi."

Mzee Filimon alimkumbatia Relu pamoja na maji yake. Habari ya ukuta ikafa siku hiyohiyo.

Jumatatu asubuhi Relu alifika bandani, akavua kofia.

"Amani ya Bwana, dada Tabita."

"Usiniite dada. Niite Tabi, kama zamani."

"Zamani nilikuwa kipofu." Alitabasamu kwa upole ambao Tabita hakuwahi kuuona kwake. "Unajua, nilimcheka sana baba yako. Kumbe mzee alisema kweli. Watu wasio na imani moja hawawezi kushika kazi moja. Kama wewe ndiye ungekuwa huamini, ningeondoka leo. Ningekuachia nailoni na pampu, nisigeuke nyuma."

"Ungeniacha hata mimi?"

"Hata wewe. Kwa uchungu, lakini ningeondoka." Alipiga magoti kati ya matuta, akafumba macho. "Njoo tuianze kazi kwa sala. Tangulia wewe, dada, mimi bado mchanga. Nataka nikusikie, nijifunze."

Tabita alipiga magoti kando yake. Palikuwa kimya. Hapakuwa na ndugu wa kunguruma mbele yake, wala dada wa kupaza sauti nyuma yake. Relu alisubiri, sikio limeelekea kwake.

Alifungua kinywa. Tangu walipomfukia mama yake, Tabita hakuwa ameamini hata siku moja kwamba kuna anayesikia.