Matone ya Arobaini

Kipokezi kile, kijisehemu kinachonasa ujumbe wa mwili, nilikigundua mimi, juu ya seli za ubongo wa panya. Ndicho kinachotufanya tuhisi majonzi. Siku hizi sheria inataka kila mfiwa atiwe matone ya kukifunga ifikapo arobaini.

Leo ni arobaini ya mume wangu. Binti yetu Mishi ametiwa asubuhi. Mchana nikamkuta anaipua sufuria kwa shati la marehemu.

"Mishi, shati la baba yako hilo!"

"Najua, mama. Ni zito, haliunguzi mkono. Na wewe nenda ukatiwe yako, zahanati inafungwa saa kumi."

Nikamkumbuka panya wangu wa kwanza. Nilimtia matone, kisha nikamwondolea watoto wake wote. Daftarini niliandika kwa furaha: "Amekula vizuri, amelala."