Mchezo Waliotunga Wenyewe

Mtaala mpya ulitaka watoto watunge mchezo wenyewe, mwalimu asitie mkono. Basi mwalimu wa hesabu, aliyebebeshwa somo la maigizo juzijuzi tu, alisimama kando akimwomba Mungu. Mkaguzi alikaa dawati la nyuma, magoti yakikaribia kidevu.

"Mimi ndiye mwalimu!" akasema kibinti mwenye sauti ya tarumbeta, akanyakua rula. "Wewe Bonge, saba mara nane?"

"Hamsini… na nne?"

"Kichwa maji! Lete vidole."

Darasa likaangua kicheko. Bonge hakucheka. Alikusanya ncha za vidole vitano kama anayeshika chumvi, akaziinua juu, akafumba macho kabla rula haijanyanyuliwa.

Jasho likamtoka mwalimu. Kumchapa mtoto kumekatazwa, na anayebainika kazi hana.

Rula ikashuka mara moja, polepole, ya uongo.

"Haya mmeyatoa wapi?" mkaguzi akauliza.

"Tumetunga!" wakaitikia wote, haraka mno.

Mkaguzi akatabasamu, akafunika kalamu yake. Mwalimu akashusha pumzi, akamgeukia Bonge.

"Vizuri, mwanangu. Mchezo umekwisha, shusha mkono."

Bonge hakufumbua macho.

"Bado mbili, mwalimu."